Kijiko Kimoja, Siku Tisa

Ratiba ya zamu nilikuwa naiandika kwa kalamu ya risasi, kwa sababu nilikuwa nimechoka kukata majina kwa wino. Karatasi ilitundikwa kwa msumari nyuma ya mlango wa chumba changu cha kazi, na kila asubuhi, kabla hata sijavua viatu vya barabarani, nilisimama mbele yake na kifutio mkononi. Fulani ana presha. Fulani mume wake amemkataza. Fulani amekwenda kuzika mjomba wake Bafwasende, na barabara, anasema, imefungwa. Nilifuta, nikapuliza vumbi, nikaandika jina jingine, na kufikia saa sita mchana hilo jingine nalo nilikuwa nimelifuta. Karatasi ilitoboka mahali pa Jumanne.

Mimi si mtu wa kukaa. Mama yangu alikuwa akisema kwamba kiti kinaniuma. Miaka ile ya korona ilinikuta nikiwa muuguzi mkuu wa pavilioni moja katika hospitali ya hapa Kisangani, ambayo sitaitaja, na ile tabia yangu ya kutotulia ikazidi mpaka ikawachosha hata wenzangu. Nilitembea. Kutoka getini mpaka pavilioni, kutoka pavilioni mpaka ghala la dawa, nikihesabu watu kwa vidole: mmoja wa dawa, mmoja wa oksijeni, mmoja wa kubeba na kuosha. Watatu kwa kila zamu. Daktari mkurugenzi alikuwa ameniambia wazi siku tulipofungua pavilioni ile ya kutenga wagonjwa, akiwa amesimama mbali nami, mwisho wa baraza.

"Mama Chef, sikia. Batu batatu kila équipe. Siku unakosa wa tatu, tunafunga, c'est tout. Siwezi kuacha batu bafie mule sababu hakuna mukono ya kubashika."

"Na bagonjwa je, docteur?"

"Batarudia kwabo."

Tulikuwa na wagonjwa kumi na mmoja, na zaidi ya nusu walikuwa wakipumua kwa msaada wa mashine za oksijeni. Kwao kulikuwa na nini? Kitanda na dirisha. Nilimjibu kwamba watatu watapatikana, kisha nikaondoka haraka kabla hajaniuliza watatoka wapi, maana hata mimi sikujua.

Kuna jambo lazima nilieleze, la sivyo mengine hayataeleweka. Kwetu mgonjwa haji hospitalini peke yake. Anakuja na garde-malade, yaani ndugu wa kukaa naye: mke, dada, shangazi. Huyo analala kwenye mkeka kando ya kitanda, anamwosha, anamgeuza, anatafuta makaa na kumpikia nyuma ya ukuta. Sisi wauguzi tunatoa dawa, tunachoma sindano, tunaandika. Jiko la hospitali hakuna. Ukiwaondoa hao ndugu, umeondoa nusu ya wafanyakazi wa hospitali, nusu ambayo haijawahi kuandikwa kwenye ratiba ya mtu yeyote. Na ndivyo tulivyofanya. Agizo lilipokuja, mimi mwenyewe ndiye niliyelibandika getini: ndugu haingii, chakula kiachwe mezani na namba ya kitanda iandikwe juu ya kifuniko. Nililiunga mkono, na leo hii ningelibandika tena. Ndugu walikuwa wanaubeba ugonjwa kutoka kitandani kwetu mpaka sokoni. Lakini hakuna hata mmoja wetu aliyekuwa amefikiria habari ya kijiko.

Kwa watu wa mto, na kwa wengi wetu humu mjini, anayekupa chakula anaonja kwanza. Anaonja mbele ya macho yako, anameza, ndipo anakupa. Iwe kikombe cha maji, iwe bakuli la pondu, yaani kisamvu. Hatufikirii tena kwa nini. Mtoto anaiona kwa mama yake na anakua nayo. Lakini sababu iko palepale, na siku mtu anapokuwa mgonjwa, dhaifu, katikati ya watu asiowajua, sababu hiyo inamrudia yote. Sasa fikiria mjini watu wanasemezana kwamba pale pavilioni tunawalaza wagonjwa usingizi wasiamke. Fikiria halafu anakuja mtu amefunikwa kuanzia kichwani mpaka miguuni, miwani ya plastiki usoni, hata huwezi kujua kama ni mwanamke au mwanamume, ameshika sahani, anakuambia, kula.

Hawakula. Sahani zilirudi zimejaa. Mwanzoni nilidhani ni homa, au ule ugonjwa wenyewe unaoondoa ladha ya chakula. Nilikasirika. Nilimfokea papa mmoja wa kitanda cha nne, mstaafu wa reli ya Ubundu, mzee mrefu aliyekuwa amebaki mifupa na adabu. Siku ya tatu hiyo hajatia kitu kinywani.

"Papa, ukikataa kula, mashine itakusaidia nini?"

Akanitazama kwa upole, kama anavyotazamwa mtu asiyefundishwa kwao.

"Mwana yangu," akasema, "mi sikatae. Lakini sijui uso yako."

Nilitoka nje nikampigia kelele mtu wa usafi kwa kosa ambalo hata silikumbuki. Hivyo ndivyo nilivyo nikiona aibu.

Wakati huo tayari tulikuwa na mama mmoja wa Isangi, chini ya mto. Alikuja na mume wake, mvuvi, kwa pirogi, yaani mtumbwi, kabla ya agizo la geti, na mume wake akafa siku ya tatu. Akazikwa na kikosi cha maziko, kwa haraka, bila yeye kumwona uso. Alipotaka kurudi, mashua zilikuwa zimesimamishwa. Hakuwa na ndugu upande huu wa mto wala ule wa Lubunga. Tulimweka siku kumi na nne kwenye chumba cha pembeni akingoja kama atakohoa, na hakukohoa. Siku ya kumi na tano nilimkuta ameinama kwenye bomba la nyuma, anasugua sahani zetu kwa majivu, sketi ameifunga juu ya magoti, mabega ya mtu aliyepiga kasia tangu utoto.

"Mama, nani amekutuma kazi hiyo?"

"Hakuna mutu, Mama Chef. Kukaa bure inaniua."

Nilimwelewa mara moja. Huyu alikuwa mwenzangu wa kutokaa. Asubuhi ile mtu wangu wa tatu alikuwa ametuma ujumbe kwamba haji tena, hata kesho, hata kesho kutwa. Nilikuwa na kifutio mfukoni. Nilimwuliza kama anaogopa, akasema aliyekuwa anamwogopea amekwisha kwenda. Nikamfundisha kuvaa vazi, kuvua vazi, kunawa kwa maji ya klorini, kutogusa uso, tena na tena, mpaka akaweza kufanya vizuri kuliko baadhi ya watu wangu wenye diploma. Kwenye ratiba, mahali pa wa kubeba na kuosha, niliandika: Mama wa Isangi. Hakuwa mfanyakazi wa hospitali. Alikuwa mjane aliyekosa mashua. Daktari alipopita akahesabu majina matatu, akatikisa kichwa kwa kuridhika na kwenda zake.

Siku ya pili ya kazi yake sahani ya kitanda cha nne ilirudi tupu.

Nilifurahi, halafu nikashangaa, halafu nikaenda kuchungulia, kwa sababu siwezi kuacha jambo zuri lipite bila kulikagua. Mlango wa pavilioni ulikuwa na kioo kidogo, saizi ya daftari. Nikaona mgongo wa yule mama, na papa wa reli ameegemea mto. Yule mama alishika kijiko, akachota uji, na kwa mkono mwingine akashusha barakoa chini ya kidevu. Akala. Akameza taratibu, akafungua kinywa kumwonyesha papa kwamba hamna kitu kilichobaki. Kisha akachota tena kwa kijiko kilekile, akakipeleka kinywani kwa mzee, na mzee akakipokea na kutafuna uji ambao hauhitaji kutafunwa. Kisha yeye tena. Kisha mzee. Kijiko kimoja, kinakwenda na kurudi.

Mkono wangu ulikuwa umekwisha inuka kugonga kioo. Nakumbuka vizuri ulipokuwa: usawa wa jicho langu, kidole cha kati kimekunjwa. Nilikuwa najua kila kitu. Nilikuwa nimesoma, nilikuwa nimefundisha wengine, nilikuwa na karatasi ukutani yenye picha za barakoa inavyovaliwa. Lakini koo la yule mzee lilikuwa linapanda na kushuka, baada ya siku nne. Na nyuma ya kichwa changu kulikuwa na ile ratiba yenye tundu. Nikigonga, nitamtoa. Nikimtoa, nabaki na wawili. Nikibaki na wawili, pavilioni inafungwa, na huyu mzee anarudi kwake.

Nikaushusha mkono. Nikarudi ofisini nikaanza kuchonga kalamu ya risasi ambayo ilikuwa bado kali.

Nilijitia hamnazo siku tisa. Nazihesabu, si kwa sababu mtu aliniambia nizihesabu, ila kwa sababu kwenye ratiba jina lake liko mara tisa baada ya siku ile. Na nilikuwa na maneno ya kujituliza, mazuri kabisa. Nilijiambia kwamba kama ugonjwa ungemshika, ungeshamshika kwa mume wake. Nilijiambia kwamba huenda aliupata akapona bila kujua, hivyo ana kinga. Nilijiambia kwamba nitaongea naye kesho, mtu wa presha akirudi. Siku ya nne nilikusanya watu wote barazani nikawafundisha upya habari ya barakoa, kwa sauti kubwa, nikitazama miti. Yeye alikaa mbele, ananisikiliza kwa makini, mikono mapajani. Mwisho alinijia.

"Mama Chef, ile ya kushusha cache-nez. Hata kidogo haifai?"

Alikuwa ananiuliza kweli. Alikuwa ananipa nafasi niseme. Na mimi, mwenye mdomo unaojulikana hospitali nzima, nikasema, "Ikae vizuri tu, mama. Ikae vizuri." Nikashika njia ya kwenda ghala, ambako sikuwa na haja ya kitu.

Pavilioni ilikuwa inakula. Vitanda vyote kumi na moja. Ndugu waliokuwa wanaleta chakula getini walianza kuleta vyungu vikubwa zaidi: lituma ya ndizi iliyopondwa pamoja na mihogo, samaki wa kuchemsha, mchele. Mfanyabiashara mmoja wa Kivu wa kitanda cha pili, ambaye alikuwa amegeukia ukuta tangu aletwe, aligeuka upande wetu. Papa wa reli akaanza kukaa kitako na kudai chumvi. Wawili waliondolewa mashine. Daktari mkurugenzi alipita, akasoma fomu zote, akaniuliza nimefanya nini.

"Chakula kinapikwa vizuri, docteur."

"Félicitations, Mama Chef. Endelea hivyohivyo."

Niliendelea hivyohivyo. Nyumbani nilikuwa naoga nyuma ya nyumba kwa ndoo mbili kabla ya kuingia, kwa sababu binti yangu wa mwisho ana pumu. Nilikuwa nakula peke yangu, sahani yangu, kikombe changu, mlango wa jikoni katikati yetu. Nikila nilimkumbuka yule mama na kijiko chake, nikasimama nikamalizia nikitembea. Mume wangu aliniambia nikae. Nikamjibu vibaya.

Siku ya tisa alikuja kazini akiwa amejifunga kitenge shingoni, na jua linawaka. Akakohoa mara moja, kikohozi kikavu, kifupi, na sote wawili tukatazamana. Ningependa kuandika kwamba nilihofia maisha yake. Nilikuja kuyahofia, nusu saa baadaye, na tangu hapo sijaacha. Lakini wazo langu la kwanza kabisa lilikuwa: kesho asubuhi nitamweka nani mahali pake?

Tulimlaza kitanda cha sita, kando ya dirisha, ambacho mgonjwa wake alikuwa ameruhusiwa kwenda nyumbani. Siku mbili akawa na nguvu ya kutania. Alisema sasa ameona pavilioni ni nzuri zaidi ukiwa umelala. Siku ya tatu homa ilipanda, na mashine ikawekwa. Na sahani zikaanza kurudi zimejaa, zake na za wengine wote, kana kwamba mtu amefunga bomba. Nililazimika kuingia zamu mwenyewe, kwa kuwa sikuwa na mtu. Nilivaa vazi, miwani, glavu mbili mbili, nikambebea supu ya samaki niliyokuwa nimeipika nyumbani kwa mkono wangu. Nikakaa kando ya kitanda chake. Nikachota, nikapeleka kijiko.

Midomo yake ilibaki imefungwa. Hakugeuza uso. Alinitazama tu.

"Kula, mama. Ni mimi."

"Ninajua ni weye, Mama Chef. Nitakula kesho."

Alijua ni mimi. Alijua sina sumu. Lakini huyu ndiye mwanamke ambaye hakuwahi kumpa mtu chakula bila kukila kwanza, tangu apate akili, na sasa alikuwa amelala hana nguvu, na mwili wake ulikuwa unangoja kile ambacho mwili wa papa wa reli ulikingoja. Hakuniomba. Kama angeniomba ningekuwa na la kubishana. Nikaona mkono wangu unapanda kuelekea barakoa. Ukafika kwenye kamba ya sikio. Nikamwona binti yangu na kile kibomba chake cha kuvuta dawa, na mkono ukashuka. Mara ya pili mkono wangu unashuka mbele ya mtu huyuhuyu: mara ya kwanza sikumzuia asifanye, mara ya pili sikuthubutu kumfanyia. Yeye aliwafanyia watu kumi na mmoja asiowajua.

Nikatoka. Nikavua vazi, nikanawa, nikaanza kuzunguka pavilioni kwa nje, upesi upesi, na ile sufuria ya supu niliyokuwa nimeiacha barazani nikaichukua bila kujua kwa nini. Mzunguko wa kwanza nilikuwa nalia. Wa pili nilikuwa namtukana daktari mkurugenzi, ambaye hakuwa na kosa. Wa tatu nilipita mbele ya dirisha la kitanda cha sita, na kupitia kioo nikamwona ananitazama, ananifuata kwa macho, mimi na sufuria yangu. Nikasimama.

Ni kioo tu kilichokuwa kati yetu. Nje huku palikuwa na upepo, na hapakuwa na mtu.

Nikaita waniletee sahani mbili na vijiko viwili. Niliziweka kwenye ukingo wa dirisha, pale anapoweza kuona, na nikamimina supu kutoka sufuria ileile, nusu huku, nusu kule, na samaki nikamvunja vipande viwili. Sahani moja nikampa muuguzi aliyekuwa ndani, kwa mlango. Ya pili nikaishika mimi. Nikashusha barakoa chini ya kidevu, nikala. Nikameza. Nikamfungulia kinywa, kama mtoto kwa daktari, aone. Sidhani kama alikuwa amewahi kuuona uso wangu mzima kabla ya hapo. Akanitazama muda mrefu, kisha akageuza kichwa kwa yule muuguzi na kufungua midomo.

Alikula vijiko saba. Nilivihesabu nikiwa nimebandika paji la uso kwenye kioo. Baada ya cha saba alisema neno, na muuguzi akaja mlangoni kunipa ujumbe, anacheka.

"Anasema hivi: kumbe Mama Chef hajue kupika. Chumvi iko mingi."

Jambo lote lilichukua muda wa kuchemsha chai. Sahani mbili, vijiko viwili, dirisha. Mchana ule nilifanya hivyohivyo kwa vitanda vyote, dirisha kwa dirisha, na papa wa reli akala, na mfanyabiashara wa Kivu akala. Kesho yake niliongeza safu mpya kwenye ratiba, nikaandika juu yake "Dirisha". Na unajua nani waliijaza? Yule mwenye presha. Yule ambaye mume wake alimkataza. Hawakuweza kuingia ndani, lakini kusimama nje kwenye hewa, kula vijiko viwili vya mchele na kufungua kinywa, waliweza, na walikuja. Na wakishakuja wakaona tumechoka namna gani, wawili kati yao baada ya juma moja wakaomba vazi. Kuanzia hapo sikukosa wa tatu. Daktari alinipongeza tena. Nilimwambia aniache kwanza, nina kazi, na akaondoka ameudhika.

Nilikuwa na siku tisa za kulifikiria dirisha lile. Nililipita mara ngapi kwa siku, mimi nisiyekaa? Ishirini? Thelathini? Sikulifikiria kwa sababu sikutaka kufikiria. Kufikiria kungenilazimu kwanza nikubali kwamba nilichungulia kwenye kile kioo cha mlangoni na kuona nilichokiona.

Mama wa Isangi alikula kwa dirisha siku nne. Siku ya tano asubuhi, saa nne hivi, nilifika na sahani zangu mbili, na yule muuguzi wa ndani akanionyesha kwa mkono kwamba niziweke chini.

Papa wa reli alitoka kwa miguu yake. Pavilioni haikufungwa. Taarifa ilipokwenda juu, pale palipoulizwa wafanyakazi wangapi wameugua, wangapi wamekufa, Mama wa Isangi hakuhesabiwa, kwa sababu hakuwa mfanyakazi. Niliuliza kama naweza kumwandika. Nikaambiwa nimwandike kati ya wagonjwa. Ratiba zile ninazo mpaka leo katika bahasha nyumbani, za kalamu ya risasi, zinafifia, na jina lake limo mara kumi na moja.

Mashua zilipoanza tena kwenda, kaka yake alikuja. Nilikuwa getini nikigombana na mtu wa maji nilipomwona mwanamume wa makamo, amevaa koti la Jumapili, kikapu begani, anaulizia Mama Chef. Mabega yalikuwa yaleyale. Nilimpeleka makaburini kwa pikipiki mbili, nikamwonyesha kaburi la mume na lake, tukasimama, akasali. Kisha tukarudi tukakaa kwenye benchi la baraza. Naam, nilikaa. Akashusha kikapu miguuni.

"Ni weye ulimukulishaka ku mwisho?"

"Ni mimi, papa."

"Alikulaka?"

"Alikulaka. Siku ine."

Akatazama mikono yake. Nilijua swali linalokuja, na nilijua kwamba ndilo lililomleta, siku mbili za mto.

"Na ulionjaka mbele yake?"

"Nilionjaka."

"Aliona?"

"Aliona. Alisema chumvi iko mingi."

Alicheka, kisha akafunika uso kwa mikono yote miwili, na mabega yale yakatikisika. Nilikuwa nimefungua kinywa nimwambie. Nilikuwa na sentensi tayari, nilikuwa nayo tangu siku ile: papa, dada yako nilimwona na nikamwacha. Lakini alikuwa ananishika mkono, kwa mikono yake miwili, na anasema asante.

"Merci, mama. Merci mingi. Hakukufa kama mutu asiye na batu bake."

Kisha akavuta kikapu, akatoa samaki wa moshi, mkubwa, amefungwa kwa majani. Alimvunja katikati. Akaondoa miiba, akakata kipande kidogo, akakila kwanza, taratibu, ananitazama. Akameza. Ndipo akanipa kilichobaki, na mimi nikakipokea kwa mikono miwili, nikala mbele yake mpaka mwisho, na zile siku tisa sikumwambia.